Je, mume aendelee kumtunza mke waliyeachana kwa talaka?

Mwalimu wa Kibosho: Ndugu zangu, naomba tujadili jambo linalozua ugomvi katika vikao vingi vya ukoo hapa Moshi. Kifungu cha 115 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mwanaume alipe matunzo ya mke wake au ya mtalaka wake, lakini ndoa ikishavunjwa, mwanamke hadai matunzo yake mwenyewe isipokuwa mahakama ione sababu maalumu. Naona kanuni hiyo inamwonea mwanamke aliyezeeka ndani ya ndoa, na ningependa umri wake na urefu wa ndoa vihesabiwe kuwa sababu ya kutosha. Asiambiwe arudi kwao, maana huko kaka zake wameshaoa na hawamtaki.

Fundi Soweto: Mwalimu, sentensi yako ya mwisho imeniuma. Dada yangu aliporudi nyumbani na wanawe wawili, mimi na mke wangu tulimpokea, tukamjengea chumba, na mpaka leo tunakula chungu kimoja. Una ushahidi gani kwamba akina kaka hatuwataki dada zetu? Kabla ya kutulaumu, muulize shemeji aliyewaacha watoto wake bila hata daftari.

Binti Marangu: Kaka Fundi, Mungu akubariki kwa moyo huo, lakini chumba hicho ni hisani yako. Siku ukifariki, wanao wakitaka kihamba chao, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa walikozikwa wazee, shangazi yao ataelekea wapi? Kwa baba yake hakugawiwa, na kwa mume aliambiwa kihamba ni cha ukoo. Alipalilia migomba na kuchuma kahawa kwa miaka yote ile, kisha akatoka na sanduku la nguo.

Kijana wa Ngaramtoni: Sielewi malalamiko haya yanatoka wapi. Sheria inampa mke nusu ya mali, na Bi Hawa Mohamed alishinda kesi yake ya kugawana mali dhidi ya mtalaka wake Ally Sefu zamani sana. Mwanamke akichukua nusu halafu adai na matunzo, huyo mwanaume aliyefilisika ataoaje tena?

Mama wa Pasua: Mwanangu, ukitaja kesi, itaje yote. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, na hilo ni jambo kubwa ambalo wanawake wa nchi hii wanalitegemea hadi leo. Hata hivyo rufaa ya Bi Hawa mwenyewe ilikataliwa, kwa sababu mume alikuwa amempa fedha za biashara akazitumia vibaya, nazo zikahesabiwa kuwa fungu lake. Wala hakuna mahali sheria inaposema nusu. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama ipime mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, pamoja na madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, mila za jamii yao na mahitaji ya watoto wadogo. Mgawanyo wa mali ni dai moja na matunzo ni dai jingine, nanyi mnayachanganya. Matunzo ya watoto nayo hayafi kwa talaka ya wazazi. Kaka Fundi, shemeji yako anaweza kushtakiwa hata leo.

Kijana wa Ngaramtoni: Nimekuelewa, mama, lakini bado sheria inamwelemea mwanaume peke yake.

Mama wa Pasua: Si kweli. Mume asiyeweza kujipatia riziki kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu anaweza kudai matunzo kwa mke mwenye uwezo. Na mtalaka akiolewa tena, haki yake ya kutunzwa na mume wa kwanza inakoma.

Fundi Soweto: Turudi kwenye kihamba, kwa sababu Binti Marangu amegusa makaburi ya babu zetu. Kihamba hakiuzwi wala hakigawiwi kwa mtu anayeondoka, kwani kesho akiolewa Same au Babati, mgeni atakuja kulima juu ya kaburi la baba yangu. Hilo sitalikubali hata mahakama ikisema.

Binti Marangu: Hakuna aliyeomba kaburi la baba yako, kaka! Kifungu hicho hicho cha 114 kinahesabu hata mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa, ikiwa iliendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi zao wote wawili. Ardhi ibaki kwa ukoo, lakini nyumba ya tofali, bomba la maji na kahawa iliyopandwa upya vithaminiwe, na mwanamke alipwe fedha yake.

Fundi Soweto: Na mume asiye na fedha hiyo?

Mwalimu wa Kibosho: Hapo ndipo matunzo yanapohitajika. Mahakama hupanga kiasi kwa kuangalia kipato na mahitaji ya pande zote mbili, kwa hiyo alipe kidogo kidogo kila mwezi, au kila msimu anapouza kahawa.

Fundi Soweto: Kwa kahawa naweza kukubali, Mwalimu. Lakini kauli yako kuhusu akina kaka hujaifuta, nami bado naisubiri.