Ushauri: wiki ya darasa imenigeuka, maksi nazitoaje?

Chaki_Mbichi:
Wakuu heshima kwenu. Nafundisha baiolojia, darasa la wanafunzi 36. Muhula huu nikasema tuachane na mambo ya kila mtu na daftari lake, tukafungua wiki ya darasa, yaani tovuti ambayo kila mmoja anaweza kuingia kuandika na kurekebisha, kwa programu ya MediaWiki, vikundi sita, kila kikundi kinaandika mfumo mmoja wa mwili na wengine wanaruhusiwa kuingia kurekebisha. Nilivyopanga ilikuwa safi kabisa. Sasa kazi imeisha kichwa kinaniuma, kikundi cha mfumo wa damu binti mmoja ndo kaandika karibu kila kitu wenzake watano wamepanda mgongoni, halafu kuna kijana kaufuta ukurasa mzima wa moyo akaacha sentensi moja. Ijumaa nakabidhi maksi. Nazitoaje ziwe za haki?

kiberenge:
Nimesoma kichwa cha uzi nikajua unalalamikia wiki ya siku saba, nikasema karibu mwenzangu.

Nahodha_Mstaafu:
We kiberenge, hiyo ni ya Kihawaii, wiki wiki maana yake haraka haraka. Ward Cunningham, yule programa aliyeanzisha wiki ya kwanza, jina alilitoa kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu akaipa jina tovuti yake mwaka 1995, Wikipedia haijazaliwa bado.

kiberenge:
Haraka haraka tena? Basi baraka ilikosekana tokea kwenye basi.

Bi_Daftari:
Huyo binti namwonea huruma maana nilikuwa mimi. Chuo tulikuwa watu saba kwenye kikundi, nimekesha siku tatu peke yangu, siku ya kuwasilisha wakatokea wote wamependeza, mmoja ananiuliza "kwani mada yetu ilikuwa nini?" Tukapata maksi sawa. Mpaka leo nikimwona natamani kumdai. Walimu mnalea utegaji nyie.

FundiSeva:
Mkuu mbona jibu unalo. Kila ukurasa una historia yake, nani kasevu, saa ngapi, maandishi yameongezeka au yamepungua kiasi gani, unaweza hata kulinganisha toleo la jana na la leo ukaona neno kwa neno. Na hakuna kilichofutika hapo, toleo la zamani lipo, unalirudisha dakika moja. Ila usipime kwa wingi wa maneno tu. Aliyeingia kusahihisha kwamba ateri ya mapafu inabeba damu yenye oksijeni kidogo kafanya kazi kuliko aliyebandika aya tatu za kunakili.

Chaki_Mbichi:
Asante fundi. Historia nimeiangalia, haijanisaidia sana.

FundiSeva:
Haijakusaidia kivipi? Majina si yapo?

Chaki_Mbichi:
Yapo ila hayaeleweki vizuri.

FundiSeva:
Mkuu. Jina linaeleweka au halieleweki. Tupe picha.

Chaki_Mbichi:
Ok. Wote walitumia akaunti moja. Inaitwa Darasa. Kabla hamjaanza kunisema, kipindi ni dakika 40, kompyuta hazitoshi, wengi hawana barua pepe, na paswedi wanasahau kabla kengele haijalia. Paswedi moja ubaoni watu wakaanza kazi. Na kusema ukweli maksi nimeshaziandika kwa penseli, 70 kila mtu, yule kijana aliyefuta sifuri. Nilitaka tu kusikia maoni.

Bi_Daftari:
Sabini kila mtu! Nilijua tu.

FundiSeva:
MediaWiki haikulazimishi barua pepe, wewe msimamizi unawafungulia akaunti mwenyewe, unakaa na karatasi ya paswedi. Jioni moja tu hiyo.

Mwanagenzi:
Subirini kidogo, mnamjibu mtu bila kufikiri. Akaunti ni moja, umejuaje binti mmoja ndo kaandika? Umejuaje watano wamepanda mgongoni? Hii chai wakuu. Au wewe ndo huyo binti umekuja kudai maksi zako.

kiberenge:
Karibu binti, kaa hapa mbele 😂

Nahodha_Mstaafu:
Na mimi nilishangaa, mwalimu gani anaandika paswedi ubaoni. Tufungieni uzi.

Chaki_Mbichi:
Sio chai. Binti ni mtoto wa dada yangu, anakaa kwangu, nilikuwa namwona kila usiku mezani anaandika. Ndo maana sikutaka kusema, mngeanza upendeleo upendeleo. Na ndo maana nimeweka 70 wote, nikimpa 90 mtasemaje?

Bi_Daftari:
Kwa hiyo anaadhibiwa kwa kuwa na mjomba. Waite mmoja mmoja waeleze walichoandika, atakayetoa macho utamjua.

Chaki_Mbichi:
Dakika tano mara 36 ni masaa matatu dada.

Mwanagenzi:
Na kijana aliyefuta? Naye anakaa kwako?

Chaki_Mbichi:
Huyo wenzake walimwonyesha, yeye ndo alikuwa kwenye ile kompyuta. Anakataa, anasema aliandika sentensi yake tu akasevu.

FundiSeva:
Ngoja. Anasema aliandika sentensi moja akasevu, na kilichobaki ni sentensi moja?

Chaki_Mbichi:
Ndio.

FundiSeva:
Huyo anaweza kuwa mkweli. Sikiliza, watu wawili wakifungua ukurasa mmoja, wa kwanza akasevu, wa pili naye akisevu na maneno yamegongana, programu inamzuia inamwambia kuna mgongano, angalia kwanza. Ila ikiona aliyesevu mwisho ni akaunti hiyohiyo inajua ni mtu mmoja anajirekebisha, inapitisha kimya kimya. Dogo kafungua ukurasa ukiwa mtupu, anafikiria sentensi yake, wenzake kwenye kompyuta nyingine wameshajaza moyo wote, yeye akasevu. Kwa mashine wote ni Darasa. Wakiwa na akaunti zao angeonywa. Hebu angalia historia, sevu ya wenzake iliyokuja kabla ya hiyo yake ilikuwa saa ngapi?

Chaki_Mbichi:
Dakika mbili kabla yake. Kipindi kilekile.

FundiSeva:
Basi rudisha lile toleo, sentensi yake iongeze chini, na ile sifuri ifute.

Chaki_Mbichi:
Sifuri ni penseli. Barua kwa mzazi wake ndo ilishaenda jana.

kiberenge:
Aisee.