Mteja HAWEZI KUWA Mteja?! Hawa jamaa wa WSDL tatu wanatuonaje?

Semikoloni_Moja: Wakuu, nimefura. Wale jamaa mnawajua, siwataji, nina familia. Wana huduma tatu za mtandaoni: usajili, malipo, taarifa, kila moja na WSDL yake, yaani faili linaloieleza. Nimepiga wsimport zote, ile zana ya Java inayosoma WSDL na kukuandikia klasi, yaani violezo vya data kwenye msimbo, nikaletewa klasi Mteja TATU. Jina, simu, anwani, vilevile hadi nukta. Namtoa Mteja wa usajili nimpeleke kwenye malipo, kompaila, ile inayotafsiri msimbo, inanijibu bila haya: Mteja hawezi kugeuzwa kuwa Mteja. MTEJA. HAWEZI KUWA. MTEJA.

Nimewapigia sasa hivi. Kijana wao kanijibu huku anatafuna: "Kaka, hiyo kawaida, we nakili tu kimoja kimoja." Kawaida! b.setJina(a.getJina()), b.setSimu(a.getSimu()), mpaka vidole viote sugu. Na Anwani iliyo ndani yake nayo imezaliwa mara tatu! Kazi hii atakuja kuimalizia mjukuu wangu. "Kawaida", na anatafuna!

MzeeWaSeva: Uvivu wa kusoma huo. Zalisha klasi mara moja kwa zana ya xjc na -episode, inayokuandikia faili la orodha ya klasi zilizokwisha kuzalishwa, kisha wsimport ipe hilo faili kwa -b isizizalishe tena. Kwisha habari.

Semikoloni_Moja: Mzee, kila WSDL ina targetNamespace yake, ile anwani ya kutofautisha majina! Schema ileile, yaani maelezo ya muundo wa data, wameibandika mara tatu kwa anwani tatu. Episode itanisaidia nini? KIJANA ANATAFUNA!

BintiNukta: 😂😂 Alikuwa anatafuna nini? Tuanzie hapo.

Kauzu_Pwani: Karanga. Ile sauti naijua.

SharpuTu: Sisi wa .NET ya Microsoft, zana yetu wsdl.exe ina /sharetypes, klasi zinazofanana inakupa moja tu. Poleni sana watu wa Java.

MzeeWaSeva: Hiyo nayo inataka targetNamespace iwe moja. Acha kujitapa.

LegasiKwanza: Nyie mna wsimport mnalia? Bosi katuhamishia Java 11, kumbe humo walishaing'oa. Hakuuliza mtu.

Semikoloni_Moja: Jamani turudi kwenye Mteja

Kauzu_Pwani: Mteja gani? Wangu mimi, wa nyama na damu, nimemkabidhi mfumo hajalipa mpaka leo. Kila nikipiga yuko kikaoni.

BintiNukta: Bora kikao. Wangu yuko msibani tangu Ramadhani. Marehemu ni huyohuyo mmoja.

SharpuTu: Fungueni uzi wenu basi.

LegasiKwanza: Upi tena? Ndio huu. Kuna aliyewahi kulipwa kwa vocha humu? Maana mimi nimelipwa, tena za mtandao nisioutumia.