Kisanduku cha huduma ya kwanza kwa safari ya familia: kununua kilichojazwa tayari au kujaza mwenyewe?

Mama Mapacha: Wakuu, habari za jioni. Desemba tunapanda Mbeya kwa gari letu kutoka Dar. Ni zaidi ya kilomita 800, tuko na mapacha wa miaka minne na mama mkwe mwenye presha. Nimeona visanduku vyekundu vilivyojazwa tayari, lakini mume wangu anataka tujaze wenyewe. Mnashauri nini?

Dereva wa Masafa: Dada, cha dukani boksi lake ni gumu na lina vyumba vyake, hapo sina neno. Shida iko ndani. Plasta ndogondogo zimejaa, bendeji ni nyembamba, na mkasi haukati hata kanga. Mtu akichanika mguu damu ikawa inamwagika, unahitaji gozi (kitambaa cha kufunika kidonda) nene la kukandamiza, bendeji pana na glavu. Hivyo ndivyo vinavyokosekana. Mimi najaza mwenyewe.

Baba wa Watatu: Mkuu, wengi wakisema watajaza wenyewe huwa wanaishia kuweka panadol na pamba. Nunua kilichojazwa, kisha ongeza. Usiku wa kuamkia safari hakuna anayekumbuka kibano wala tochi.

Muuza Dawa: Naungana na Baba wa Watatu kwa boksi, ila dawa nunua mwenyewe, uangalie tarehe ya kuisha muda. Kwa watoto weka ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kwa anayeharisha au kutapika) na paracetamol ya maji yenye kipimo chake. Dozi yake hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, ukiachanisha angalau saa nne, na isizidi mara nne kwa siku. Waulize wa duka la dawa wakuandikie kabisa kwenye chupa. Aspirini ya maumivu usimpe mtoto. Soma pia pakiti ya ORS: nyingi ni za lita moja ya maji safi, zipo za ujazo mdogo. Ukichanganya kwa kikombe cha chai, inakuwa kali mno na mtoto anaweza kuumia zaidi.

Mama Mapacha: Asante sana. Je, niviache kwenye buti mpaka tufike?

Muuza Dawa: Hapana, dada yangu. Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na gari lililofungwa juani linapita hapo haraka sana. Bendeji na glavu zikae garini, dawa ziwe kwenye kibegi mnachoshuka nacho mkisimama kula. Za presha za mama mkwe abebe yeye mwenyewe, pamoja na kadi yake ya kliniki, na zizidi siku za safari.

Nesi Mstaafu: Wanangu, naongezea maji. Dumu la lita tano la maji safi lina kazi kuliko nusu ya hivyo visanduku. Mtoto akimwagikiwa chai ya chupa, mmiminie maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno wala siagi. Kidonda kioshwe kwa maji, spiriti isimwagwe ndani. Na mkishuka kujisaidia porini mtu akaumwa na nyoka, msichanje, msinyonye, msifunge kamba. Atulie, avuliwe pete na viatu, mguu usitikiswe, apelekwe hospitali.

Dereva wa Masafa: Shikamoo mama, hilo la maji nimelichukua. Dada, kwenye kona za mlima Kitonga watoto hutapika: mifuko na taulo viwe mbele. Na boksi lisiwe chini ya mizigo. Pale Mikumi barabara inakatiza hifadhini, si mahali pa kushusha masanduku ukitafuta bendeji.

Mama Mapacha: Basi nanunua boksi, bendeji zake nabadilisha, na litakaa chini ya kiti changu. Mama, marahaba nakuachia wewe, mimi nasema shikamoo na asante. Kuna anayejua wapi Morogoro mjini nitapata bendeji pana kwa bei ya kawaida?

Muuza Dawa: Nunua hukohuko Dar kabla ya kuondoka, maduka ya jumla ya vifaa vya hospitali yapo Kariakoo.