ER-1, ER-2 au ER-3C kwa majaribio ya mwelekeo wa sauti?

mawimbi_sauti:
Wakuu, naandaa jaribio la kutambua sauti inatoka upande gani: kulia na kushoto, na pia juu na chini. HRTF (vipimo vya jinsi kichwa na masikio yanavyobadilisha sauti kulingana na inakotoka) ni zile za chuo cha MIT za mwaka 1994, zilizopimwa kwa KEMAR, sanamu ya kichwa na kiwiliwili. Washiriki watapimwa kwanza usikivu. Kati ya spika za masikioni za Etymotic ER-1, ER-2 na ER-3C, ipi itabeba kazi zote mbili?

Kiwambo:
Hakuna, mkuu. Usikivu pima kwa ER-3C. Viwango vyake vya rejea vimo kwenye kanuni ya kimataifa ya ISO 389-2. Ila ikishapita 4 kHz hivi sauti yake huporomoka, na dalili za juu na chini, zinazotokana na mikunjo ya sikio la nje, ziko hasa kuanzia 5 kHz kwenda juu. Mshiriki atakuwa anabahatisha tu.

Kwenye mwelekeo chukua ER-2. Imeundwa iwe bapa (nguvu sawa kwenye masafa yote) kwenye kiwambo cha sikio hadi karibu 10 kHz. KEMAR ya MIT ilikuwa na maikrofoni mahali pa kiwambo, kwa hiyo mvumo wa mfereji wa sikio umo tayari kwenye data. ER-1 huuongeza yenyewe, karibu na 2.7 kHz, na utakuwa umeuhesabu mara mbili. Halafu seti kamili ya MIT imebeba pia tabia ya spika iliyotumika kupimia. Iondoe kwa kichujio kinyume kabla ya yote.

desibeli94:
Sawa, lakini ukihamia CIPIC, mkusanyo mwingine wa HRTF, mambo yanageuka. Kule mfereji ulizibwa, maikrofoni ikawa mlangoni. Ukipiga data hizo moja kwa moja kwenye ER-2, mvumo wa mfereji utakosekana kabisa. Itabidi uuongeze mwenyewe.

mawimbi_sauti:
Asanteni. Mrija mmoja wa kupeleka sauti sikioni umechanika nchani. Nikiukata sentimita moja kuna shida?

Kiwambo:
Kubwa! Sentimita moja ni kama maikrosekunde 29, na msikilizaji mzuri hutambua tofauti ya maikrosekunde 10 hivi kati ya masikio kwenye toni za chini ya 1 kHz. Sauti yote itaegemea upande wa mrija mfupi. Badilisha yote miwili kwa pamoja, kisha pima upya kwa kifaa cha kuiga sikio cha IEC 60318-4. Kapla ya 2 cc (chumba kidogo cha kupimia) iachie ER-3C.

desibeli94:
Na sifongo za nchani mwa mirija zisiingizwe kwa haraka. Iviringishe iwe nyembamba, vuta sikio juu na nyuma, ingiza hadi ukingo wake wa nje ulingane na mlango wa mfereji, shikilia nusu dakika ivimbe. Piga toni ya 125 Hz kila sikio: upande ukisikika hafifu, huenda hewa inavuja. Ikiwa sauti ni hafifu kwenye masafa yote, angalia nta kwenye tundu la mrija.