Tangi la maji chumvi: samaki sita wamekufa, vipimo vyote safi. Shaba, kushusha chumvi, au nianze upya?

MvuviWaKioo (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa nimeumia, mtanivumilia.

Nina tangi la lita 320 sebuleni, lina miezi 14. Maji nachota baharini mwenyewe, mawe ni ya matumbawe, nina mashine ya kutoa povu (ile inayonasa uchafu wa maji kwa povu) na pampu mbili za mkondo. Nilikuwa na samaki wanane. Jumanne ya wiki juzi alikufa kangaja wa bluu niliyekuwa naye siku tisa tu. Ijumaa akafuata kipepeo niliyemnunua siku moja na yeye. Nikasema sawa, wageni hawa, safari imewachosha. Kisha usiku wa Jumamosi iliyopita wakafa wanne kwa mpigo: wale wadogo wa bluu wenye mkia wa njano watatu, na tasi mmoja. Hao nimekaa nao zaidi ya mwaka. Tasi alikuwa anakula mwani mkononi mwa binti yangu.

Vipimo vya Jumapili asubuhi, kabla sijagusa maji: amonia 0, naitraiti 0, naitreti 15, pH 8.1, chumvi 1.025 (yaani uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi), joto 27.5. Usiku ule umeme ulikatika kuanzia saa sita hadi saa tisa hivi. Kikombe cha mashine ya povu nilikikuta kimefurika hadi sakafuni. Nilibadilisha lita 100 papo hapo.

Waliobaki ni jozi ya samaki wa anemoni. Kamba wasafishaji wawili, konokono na matumbawe laini wako kama hakuna kilichotokea.

Nimepewa ushauri wa aina tatu, na kila mmoja anapinga mwenzake. Wa kwanza anasema weka dawa ya shaba. Wa pili anasema shusha chumvi hadi 1.009. Wa tatu anasema mwaga kila kitu, osha mawe, anza upya. Nifuate upi?

BiMwamba (Mombasa)

Pole sana mwanangu. Kabla ya dawa yoyote, jibu haya. Kangaja kabla ya kufa alikuwa anahema haraka? Alikaa akielekeza kichwa kwenye mkondo wa pampu? Alikimbia mwanga? Na ukimtazama ubavuni kwa taa ya pembeni, uliona chembe kubwa kama chumvi au vumbi laini?

Nauliza kwa sababu maradhi mawili hufanana mno. Cryptocaryon, yule wa madoa meupe, huacha chembe unazoweza kuzihesabu, na samaki anaweza kuhangaika nayo wiki kadhaa. Amyloodinium ni vumbi kama unga wa dhahabu, tena mara nyingi huanzia kwenye mashavu ya kupumulia, kwa hiyo samaki anakufa kabla hujaona kitu mwilini. Huyu wa pili humaliza tangi zima kwa siku chache.

Na tafadhali, shaba usiimimine katika tangi hilo. Kamba na konokono watakufa, na mawe ya matumbawe yatainyonya, halafu hutajua tena kiwango kilichomo majini.

MvuviWaKioo

Shikamoo mama. Ndiyo, alihema haraka na alikaa mbele ya pampu siku mbili. Hakula. Vumbi nilihisi nimeliona lakini siwezi kuapa. Kipepeo hivyo hivyo. Ila wale wanne, nasema kweli, Jumamosi saa moja jioni walikula vizuri wote. Hakuna aliyehema. Hapo ndipo ninapokwama.

Tumbatu_Kusini (Unguja)

Ndugu yangu, mimi naona ni pumzi. Umeme umekatika saa tatu, pampu zimelala, mashine ya povu imelala. Maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 27 na ushee hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi ya mtoni, na usiku mwani hautengenezi oksijeni, unakula. Samaki hufa alfajiri, midomo wazi. Yamenikuta mimi msimu wa kaskazi, joto la chumba limepanda, umeme hakuna, nimepoteza watano.

Kwa hiyo hata shaba hata kushusha chumvi visingekusaidia. Nunua pampu ya hewa ya betri, ile inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika.

KambaWaKilimani (Nairobi)

Tumbatu, pampu ya betri naunga mkono, kila mtu awe nayo. Lakini kuna jambo halikai sawa. Oksijeni ikipungua, wakubwa hutangulia. Hapa wamekufa wadogo watatu wenye urefu wa kidole, na jozi ya anemoni iko hai. Kamba nao hawavumilii maji yasiyo na hewa. Na lita 320 zikiwa na samaki sita tu, saa tatu hazitoshi kuua.

Mimi nikikuta vifo hivi huwa namwangalia kamba kwanza. Akifa yeye na samaki, nafikiria shaba, klorini ya bomba, au dawa ya mbu ya kupuliza. Dawa nyingi za mbu za kopo zina pairethroidi, na hizo humuua kamba hata kabla ya samaki. Akiwa hai na samaki wamekufa, basi ama ni kimelea cha samaki, ama ni sumu inayolenga samaki. Kwa hiyo kwako MvuviWaKioo, dawa ya mbu naifuta, klorini naifuta, shaba naifuta. Amonia umeshaipima.

Kuhusu maji: sisi Nairobi bahari iko mbali, tunachanganya chumvi ya dukani, karibu gramu 35 kwa lita ya maji yaliyochujwa, tunakoroga siku nzima ndipo tunatumia. Ni gharama, lakini najua kilichomo. Wewe unachota wapi?

MvuviWaKioo

Nachota upande wa Kigamboni nje kabisa, maji yakiwa yamejaa, siku za bamvua. Mara ya mwisho wiki tatu kabla ya kifo cha kwanza, na yalikaa kwenye pipa lenye mfuniko.

BiMwamba (Mombasa)

Hapo huna kosa. Maji ya bahari kuu wakati wa kujaa ni mazuri kuliko chumvi nyingi za pakiti, mradi usichote karibu na mdomo wa mto wala baada ya mvua za masika. Ungeniambia unachota karibu na Msimbazi ningekwambia acha leo. Chumvi ya pakiti ina faida moja kubwa: haina mabuu ya vimelea. Lakini vimelea vyako, nadhani, vilikuja na kangaja, havikuja na pipa.

Abu_Marjani (Maskati)

Assalamu alaykum jamaa zangu. Nimesoma kote na hakuna aliyegusa lile povu.

Ami, mashine ya povu kufurika baada ya umeme kurudi ni kawaida kidogo, lakini hadi sakafuni? Kuna kitu kiliingia majini kinachotoa povu. Swali langu moja: mbali na kamba, konokono na matumbawe, kuna kiumbe gani kingine humo ndani? Una jongoo bahari?

MvuviWaKioo

Ninaye. Mdogo, wa njano, wa kukaa kwenye miamba. Alikuja na jiwe miezi mitano iliyopita, nikampenda nikamwacha. Sijamwona tangu… subirini.

MvuviWaKioo

Nimefungua pampu ya kulia. Yumo. Nusu yake imo kwenye kichujio, imekatikakatika.

Abu_Marjani (Maskati)

Inna lillahi. Basi wale wanne umeshampata muuaji wao.

Jongoo bahari ana sumu mwilini, holothurini, ambayo ni jamii ya saponini. Hutoa povu kama sabuni, na huharibu mashavu ya samaki. Akiwa mzima na mtulivu hana neno. Akipasuka, akisagwa au akifa bila kuonekana, tangi dogo linaweza kuisha usiku mmoja. Kamba na matumbawe wengi huvumilia. Visiwa vya Pasifiki watu huponda jongoo kwenye madimbwi ya mwamba ili kuwalevya samaki, kama bara wanavyotumia utupa mtoni.

Na umeme wako unaeleza yote. Pampu ikizimwa, mdomo wake ni mahali pazuri pa kukaa, hakuna mvuto. Jongoo akapanda. Saa tisa umeme ukarudi, akavutwa ndani. Tumbatu hakukosea kushuku umeme. Umeme ulihusika, lakini kwa njia nyingine.

Kwangu ilitokea kwa jongoo wa kuchuja maji, wale wenye matawi kama maua. Nilipoteza samaki wote isipokuwa mmoja. Sijaweka tena jongoo wa aina yoyote bila wavu kwenye kila pampu.

Sasa hivi: toa mabaki yote, badilisha maji nusu, weka mkaa amilifu mpya mwingi mahali maji yanapopita, na ubadilishe mkaa huo baada ya siku mbili. Mashine ya povu iache ifanye kazi.

Tumbatu_Kusini (Unguja)

Sheikh Abu, nimesoma mara mbili. Nakubali, yangu ya pumzi nimeirudisha. Hivi vya usiku mmoja ni sumu.

KambaWaKilimani (Nairobi)

Lakini tusimruhusu jongoo abebe vifo vyote sita. Kangaja na kipepeo walikufa siku kadhaa kabla umeme haujakatika, na wote walihema haraka kwenye mkondo. Hao wana sababu yao. Kaka, nikuulize: waliwahi kukaa karantini?

MvuviWaKioo

Hapana. Niliwaelea kwenye mfuko dakika 20, nikawaachia ndani.

BiMwamba (Mombasa)

Basi una mambo mawili yaliyogongana wiki moja, na ndiyo maana vipimo vilikuchanganya. Sasa naweza kulinganisha zile njia zako tatu.

Kuanza upya: usifanye. Bakteria wanaokula amonia wako ndani ya yale mawe, ukiyaosha na kuyakausha utangoja tena wiki nne hadi sita, na matumbawe yako yatakuwa wapi muda huo? Utamaliza vimelea, ndiyo, lakini na tangi pia.

Kushusha chumvi hadi 1.009: ni njia ya upole kwa samaki, haina sumu, nami nimeipenda miaka mingi. Cryptocaryon hufa. Amyloodinium hafi, yeye anaishi hadi kwenye maji yaliyopungua chumvi sana. Na katika tangi kubwa matumbawe na kamba hawataivumilia hata siku moja. Nayo inataka uangalifu wa kila siku kwa refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi, iliyopimwa vizuri, maana ukiteleza hadi 1.012 umefanya kazi bure.

Shaba: ni kali, inakatisha hamu ya kula, lakini inawapata wote wawili. Kwa kuwa huwezi kuapa kama uliona chembe au vumbi, mimi ningechagua dawa inayofunika yote mawili. Kwenye tangi la pembeni peke yake, bila jiwe, bila mchanga. Vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, chujio la sponji, hita, basi. Pandisha kiwango taratibu kwa siku mbili tatu kufuata kipimo cha dawa uliyonunua, kisha ukishikilie siku 30 ukipima kila siku. Na dawa za kufunga amonia usizichanganye na shaba, huifanya iwe sumu kwa samaki.

Tumbatu_Kusini (Unguja)

Mama, na klorokwini? Kuna watu wanaitumia.

BiMwamba (Mombasa)

Inafanya kazi kwa Amyloodinium, na samaki wanaochukia shaba huivumilia vizuri zaidi. Ni ile ile tuliyomeza kwa malaria, ambayo Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza mwaka 2001. Lakini unahitaji klorokwini fosfati ya unga safi, miligramu 10 hadi 15 kwa lita, gizani, maana mwanga unaiharibu. Vidonge vina unga mwingine ndani usioujua, na huna kifaa cha nyumbani cha kupima kiwango chake majini. Shaba unaipima. Kwa mtu wa mara ya kwanza hiyo ndiyo tofauti inayonifanya nichague shaba.

KambaWaKilimani (Nairobi)

Na tangi kubwa libaki bila samaki hata mmoja. Kamba, konokono, matumbawe vibaki, uwalishe kidogo. Kimelea bila samaki hana pa kushika. Kwa Amyloodinium wiki sita hutosha, kwa Cryptocaryon watu wengi hungoja siku 76. Hujui una yupi, hesabu 76.

MvuviWaKioo

Wakuu, narudi na taarifa. Leo ni siku ya 44.

Jozi ya anemoni ilikaa kwenye ndoo ya lita 60 yenye shaba siku 30. Wiki ya kwanza jike aligoma kula, nikaogopa. Siku ya tisa akakubali kamba waliosagwa na kitunguu saumu, na tangu hapo hajaacha. Amonia ilinisumbua kuliko shaba. Nilibadilisha maji kila siku ya pili, nikitengeneza maji mapya yenye kiwango kile kile cha dawa kabla ya kuyamimina. Sasa wako kwenye maji safi, mkaa umetoa shaba iliyobaki, wanasubiri.

Tangi kubwa halina samaki. Pampu zote nimezivisha wavu wa plastiki wenye matundu madogo, na pampu ya hewa ya betri imefungwa. Juzi umeme ulikatika saa mbili, ikajiwasha yenyewe, nikaisikia ikinguruma gizani. Binti yangu anauliza kila jioni lini tasi mwingine anakuja. Nimemwonyesha kalenda, anakata siku kwa kalamu nyekundu. Zimebaki 32, na tasi akija atapitia kwanza ndoo ya lita 60.

Bi Mwamba, swali moja: karantini ya tasi nimpe shaba hata asipoonyesha dalili, au nimtazame tu?

BiMwamba (Mombasa)

Mpe. Tasi ana miiba yenye sumu mgongoni, kwa hiyo mhamishe kwa chombo, si kwa wavu wala mkono, na binti akae mbali siku hiyo.