Nimeuliza pesa za maji, nikajibiwa sina mume. Nimjibuje?

Mama Pendo
Hamjambo wandugu. Naombeni ushauri kabla sijaharibu.

Ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, ina nyumba 48. Kila nyumba hutoa 500 kwa mwezi za kisima, yaani 24,000. Miezi mitatu ni 72,000. Risiti iliyowekwa kwenye grupu ni moja tu, ya pampu, 31,000. Jumapili jioni nikaandika: "Habari ya jioni mzee wangu, naomba kujua 41,000 iliyobaki iko wapi."

Mweka hazina akatuma sauti ya sekunde 11 (nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa): "Nyumba isiyo na mwanaume ndiyo hupata muda wa kuhesabu pesa za watu." Kisha akaandika kwamba "watu wa kwenu" tunajulikana kwa tamaa. Watu wakamwaga vikaragosi vya kucheka, hata keretaka, msimamizi wa ploti, ambaye asubuhi ileile nilimpa chai. Tangu hapo hakuna aliyetaja 41,000. Inajadiliwa ndoa yangu.

Sasa, kuna kitu nakijua. Huyu mzee alikotoka, huko Kayole, alihama usiku na deni la kodi la miezi minne. Mwenye nyumba ni jamaa yangu. Ujumbe nimeshauandika. Nitume?

Jogoo la Eastlands
Tuma dada! Dawa ya moto ni moto.

Mchuuzi wa Gikomba
Jogoo, hicho kichwa ni cha kufugia nywele tu.

Jogoo la Eastlands
Mama Pendo, umeona? Nimetoa ushauri, ananijibu nywele.

Mzee wa Jevanjee
Binti yangu, nimesimama Bunge la Mwananchi, kijiwe cha mijadala pale bustani ya Jevanjee, miaka mingi. Mtu akiishiwa hoja utamsikia: "Kwanza wewe unatoka wapi?" Shingo zote zinageuka kwako, bei ya unga iliyokuwa ikijadiliwa inasahaulika. Hata Bungeni Spika humwambia mbunge aondoe matamshi na kuomba radhi, ndipo mjadala uendelee. Admini wenu ni nani?

Na hilo deni la Kayole halisemi lolote kuhusu kisima. Mtu anaweza kushindwa na kodi na bado pesa za maji asiziguse. Ukilituma, mtajadili ndoa yako na deni lake, na 41,000 ilale usingizi.

Mama Pendo
Admini ni yeye mwenyewe.

Karani wa Ngara
Nafanya kazi kwa wakili. Usikimbilie polisi kwa hilo la mume: kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa jinai, kilibatilishwa na Mahakama Kuu 2017. La "watu wa kwenu" ni tofauti, hilo ni la kabila. Kuna Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, na tume yake hupokea malalamiko. Hifadhi sauti na picha za skrini, hata kama hutapeleka popote.

Shosh wa Buruburu
Usiijibu ile sauti kabisa. Weka hesabu tena, mistari mitatu, halafu waombe majirani kila mmoja aweke ujumbe wake wa M-Pesa. Nyumba kumi zikiuliza, atazijibu zote hazina wanaume?

Mama Pendo
Mrejesho. Ule wa Kayole nimeufuta. Niliusoma mara ya mwisho, jamani ulikuwa mtamu.

Saa mbili usiku nikaweka hesabu. Kimya. Halafu nyumba ya 12 ikaweka M-Pesa yake, ikafuata ya 31, na mwingine ambaye hata simjui sura. Kisha keretaka, yule aliyecheka, akaandika: "Fundi wa pampu nilimlipa mimi kwa mkono. 19,000."

Juu ya skrini imeandikwa mweka hazina anaandika... Inatokea, inapotea, inatokea tena. Dakika ishirini sasa.