Miaka 54, Impreza GC8, autocross: sekunde zangu zinapotelea wapi?

Msukani_Athi

Habari zenu wakuu. Nina miaka 54, naendesha Subaru Impreza GC8 darasa la 4WD turbo (magari ya turbo yanayosukumwa na magurudumu yote manne) kwenye autocross za hapa Kenya, yaani mashindano ya kukimbiza saa kwenye zile njia za marram za kilomita mbili hadi tatu. Gari ni zima: turbo inasukuma vizuri, matairi ni ya marram, kiti na mikanda ni vya mashindano. Kwenye njia ya dakika mbili hivi, vijana wenye magari kama langu wananiacha kwa sekunde sita au saba. Raundi ya kwanza huwa ya kuridhisha, lakini ya tatu na ya nne zinaharibika, wakati wenzangu ndipo wanapozidi kuwa wepesi. Najua nabreki mapema. Nikichelewa, gari linasukuma mbele na kukataa kona.

Je, huu ni umri, ni mbinu, au ni gari? Fundi anataka ninunue shokomzoba mpya za kurekebishika, na pesa ya msimu huu inatosha jambo moja tu. Navaa miwani, na nameza dawa ya presha. Naomba majibu ya kina.

Changarawe_Moshi

Shikamoo mzee. Tuanze na umri kwa sababu ndio unaosingiziwa kila kitu. Mtu mwenye afya njema anapovuka hamsini, wepesi wake wa kuitikia anachokiona hupungua kwa sehemu chache za mia za sekunde. Chukua sekunde 0.03. Ukiwa kwenye 80 km/h unakwenda mita 22 kila sekunde, kwa hiyo umepoteza sentimita 66. Ukibreki mapema umepoteza mita kumi au kumi na tano, na unarudia hivyo kila kona. Sekunde saba haziwezi kutoka kwenye zile sentimita 66. Dereva wa rali Björn Waldegård alishinda Safari Rally ya 1990 akiwa na miaka 46, kisha akashinda East African Safari Classic ya 2011 akiwa na 68, kwenye barabara zetu hizi hizi. Mwenzake Carlos Sainz alishinda mbio za jangwani za Dakar za 2024 akiwa na 61.

Sasa breki. Dawa ya kubreki mapema ni kubreki KWA NGUVU zaidi. Kuchelewa kutakuja kwenyewe baadaye. Dereva mwangalifu hukanyaga kidogo kidogo, nguvu ikapanda polepole na kufika kileleni pale pale anapokata usukani, yaani mahali pabaya kuliko pote. Inatakiwa nguvu ifike kileleni mara tu mguu unapogusa, gari likiwa limenyooka, kisha uiachie taratibu kadiri usukani unavyozunguka.

Tafuta kiwanja kitupu chenye marram iliyoshikana na ufanye hivi. Weka koni moja. Fika hapo kwa 60 km/h gia ya tatu, kanyaga hadi matairi yakaribie kufunga, simama, pima umbali. Marram kavu ikikupa breki ya karibu 0.5 g (nusu ya nguvu ya uvutano) utasimama ndani ya mita 28 hivi. Kwa 80 km/h ni kama mita 50. Ukikuta unatumia mita 40 kwa 60 km/h, shida yako umeiona kwa macho. Rudia mpaka vipimo vitatu mfululizo visipishane zaidi ya mita mbili. Kabla ya hapo usiongeze kasi.

Kuhusu gari kusukuma mbele, kuna sababu mbili na kila moja ina dawa yake, kwa hiyo shuka ukatazame alama ulizoacha chini. Ukiona mifereji miwili iliyonyooka inayopita pale ulipokata usukani, matairi ya mbele yalikuwa yamefunga. Legeza breki kidogo kabla ya kukata. Ukiona alama pana za kusuguliwa zinazopinda kidogo tu, uliachia breki yote kwa mpigo: uzito ukarudi nyuma, pua ikanyanyuka, matairi ya mbele yakakosa mzigo. Hapo bakiza breki kidogo mpaka pua ianze kuelekea ndani ya kona. Kwa namna ulivyoeleza, nahisi ni hii ya pili.

Spana17

Mzee, shokomzoba acha kwanza. Shokomzoba za kurekebishika zinamfaa dereva ambaye mizunguko yake inafanana. Muda wako ukipishana sekunde mbili kati ya raundi na raundi, hutajua kama aliyebadilisha muda ni wewe au ni ule mbofyo mmoja uliozungusha kwenye kirekebishio cha shokomzoba. Za sasa zikague tu kama hazivuji mafuta na kama bushi za juu hazigongi.

Pesa hiyo anza nayo kwenye mafuta ya breki. DOT 4 ya kawaida ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya 230°C, ila ikishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi 155°C. Pedali ikilainika mwishoni mwa raundi na kurudi sawa baada ya nusu saa, mafuta yamechemka. Lita moja inatosha kusafisha mfumo mzima mpaka yatoke safi. Fanya hivyo mwanzo wa msimu na katikati yake.

Kwa kuwa gari lako ni 4WD lenye turbo, jifunze kubreki kwa mguu wa kushoto. Mguu wa kulia unabaki umekanyaga pedali ya mafuta kidogo, turbo haizimiki, na breki inashusha pua. Lakini mguu wa kushoto umezoea klachi miaka thelathini na unajua kugandamiza tu. Kisigino kibaki sakafuni, ubonyeze kwa vidole. Anza na 30 km/h kiwanjani, kamwe si barabarani, mikanda ikiwa imefungwa, dakika kumi kisha pumzika. Jua pia kuwa ukishikilia mafuta mengi huku unapampu breki, servo (kile kifaa kinachokusaidia kukanyaga breki) inaishiwa nguvu kwa sababu injini yenye turbo haivuti hewa wakati inasukuma. Pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Ukiisikia hivyo, achia mafuta kabisa kwa sekunde moja.

Upepo wa matairi: anza na psi 28 pande zote, pima yakiwa baridi, badilisha mbili mbili. Ukishuka sana tairi linakunjika kwenye rimu na kuchomwa na mawe, ukipanda sana linaelea juu ya changarawe. Gari likiegeshwa juani, funika matairi ya upande wa jua, la sivyo vipimo vya kushoto na kulia vitapishana na utahangaika kutafuta kosa lisilokuwepo.

Changarawe_Moshi

Spana17 sikubaliani nawe kidogo kwenye mguu wa kushoto. Kwa sasa utamchanganya. Akishaweza kufikisha breki kileleni kwa mguu wa kulia na kuiachia taratibu, hapo ndipo aongeze. Tabia mbili mpya kwa mpigo, kwenye umri wowote, huishia dereva kurudia ile ya zamani mara presha ya saa inapoanza. Mengine yote naunga mkono.

Zamu_ya_Usiku

Shikamoo. Mimi niongelee mwili, maana hizo raundi za tatu na nne zinanitia wasiwasi kuliko breki.

Presha kwanza. Mwambie daktari wako waziwazi kwamba unashindana, na umwombe kipimo cha moyo cha ECG ukiwa unatembea au kukimbia kwenye mashine, kile cha kulala hakitoshi. Mapigo ya dereva kwenye mashindano hupita 150 kwa dakika bila shida. Soma jina la dawa yako. Kama ni ya jamii ya beta-blocker, kwa mfano atenolol, inazuia moyo kupanda, na iko kwenye orodha ya WADA (shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua michezoni) ya vitu vilivyokatazwa wakati wa mashindano ya magari ya FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Kama ni ya kukojosha, kwa mfano hydrochlorothiazide, inakupunguzia maji siku ambayo unayahitaji, nayo imekatazwa wakati wote. USIACHE dawa kwa uamuzi wako. Daktari anaweza kubadilisha aina, au kukujazia fomu ya ruhusa ya matibabu.

Jambo linalowakuta wengi: vumbi la marram linawasha pua, mtu anameza Piriton, dawa ya mzio, asubuhi. Dawa hiyo inalevya usingizi na kupunguza umakini kwa saa nyingi. Uliza duka la dawa ile isiyosinzisha, na uijaribu kwanza siku isiyo ya mashindano.

Maji: kunywa nusu lita saa mbili kabla ya raundi ya kwanza, kisha kidogo kidogo. Kiu huchelewa kuja kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo usiisubiri. Jipime uzito asubuhi na jioni ya siku ya mashindano. Kila kilo iliyopotea ni takriban lita moja ya maji. ORS inasaidia, lakini ina chumvi, na wewe una presha, muulize daktari kabla. Ovaroli ivue hadi kiunoni ukae kivulini kati ya raundi.

Miwani: usiendeshe na ile yenye sehemu ya kusomea chini. Ndani ya helmeti kichwa hakizunguki vizuri, na ile sehemu ya chini inatia ukungu ardhi iliyo mbele ya boneti. Tengenezesha ya kuona mbali tu, lenzi za polikaboneti, mikono myembamba iliyonyooka isiyojikunja nyuma ya sikio. Vaa helmeti kwanza, miwani baadaye. Usafishe pia kioo cha mbele kwa NDANI. Jua la saa kumi jioni likipiga kile kiwingu cha mafuta na vumbi, jicho la miaka 54 linateseka kuliko la miaka 25.

Msukani_Athi

Asanteni sana. Dawa ni amlodipine. Piriton ndiyo, humeza siku za vumbi. Sasa nieleweshwe: kwa nini wenzangu wanaongeza kasi raundi ya tatu kama wote tunachoka?

Zamu_ya_Usiku

Amlodipine haimo kwenye orodha hiyo. Angalia tu kizunguzungu ukisimama ghafla kutoka kwenye kiti cha gari baada ya joto. Piriton, tafadhali, iache nyumbani siku ya mashindano, uulize ile nyingine.

Desimali

Kwa sababu njia yenyewe imebadilika. Raundi ya kwanza changarawe ni huru. Kila gari linaifagia, na kufikia ya tatu kunakuwa na mstari mgumu unaoshika vizuri, lakini upana wake ni wa gari moja tu, na nje yake kuna rundo la mawe. Wewe bado unabreki mahali pa raundi ya kwanza. Tembea njia kwa miguu asubuhi, na kabla ya kila raundi simama kwenye kona mbili au tatu utazame mstari umehamia wapi, mfereji umechimbika wapi, mwamba umetokeza wapi. Anza na kona inayoingia kwenye mnyooko mrefu kuliko yote: ukitoka hapo na 5 km/h zaidi, kwenye mita 200 zinazofuata unavuna sehemu mbili au tatu za kumi za sekunde bila kuhatarisha kitu.

Macho yatangulie. Unapoanza kubreki yawe yameshafika ndani ya kona, na pua ikigeuka yawe yameshafika mlangoni pa kutokea.

Pesa iliyobaki baada ya mafuta ya breki, nunua kipokezi cha GPS cha 10 Hz au 25 Hz (kinachosoma mara 10 au 25 kwa sekunde) kinachounganika na RaceChrono, programu ya kupima muda kwenye simu. GPS ya simu nyingi husoma mara moja kwa sekunde, yaani kwa 80 km/h inakuona kila baada ya mita 22, haifai kitu. Kwa 10 Hz ni mita 2.2. Kwenye grafu tafuta mambo mawili tu. La kwanza ni muda ambao hubreki wala hukanyagi mafuta. Kwa dereva mwangalifu kila kona ina nusu sekunde ya namna hiyo, na kwenye kona kumi na mbili hizo ni sekunde sita zako. La pili ni umbo la breki: mstari ushuke kama ukuta na kurudi kama mteremko. Ukiona bonde la mviringo, rudi kwenye koni ya Changarawe_Moshi.

Linganisha raundi ya kwanza na ya nne kwenye kona zile zile. Muda ukipotea kote sawasawa, ni uchovu, fuata ya Zamu_ya_Usiku. Ukipotea kwenye kona mbili tatu tu, ni mstari, rudi ukazitembelee.